Muulize Mwalimu: Kijilima cha Desemba na rula iliyokatwa

Toleo lililopita niligusia nyutrino, vile vichembe vidogo mno vinavyopita hata mwilini mwetu, kwa aya mbili tu, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi, na nusu yake zinauliza jambo moja kwa sauti mbalimbali: hawa watu wanaogonganisha chembe chini ya ardhi kule Geneva wanatafuta nini tena, na mbona hawapati? Mwezi huu nafasi ni yao. Aliyeuliza kuhusu redio ya mbao, na yule wa bwawa la Mtera, mnisamehe, zamu yenu inakuja.

Mwalimu, mimi ni fundi simu. Kazi yangu ni vitu vidogo, natumia darubini ya mezani kuona njia za umeme kwenye bodi. Hao wanaosema wameona chembe ndogo kuliko atomi wanatumia lenzi gani? – Fundi, Kariakoo

Fundi, hakuna lenzi. Chembe ya Higgs, ile maarufu waliyoitangaza Geneva mwaka 2012, hakuna aliyeiona wala atakayeiona. Inakufa kabla hata haijavuka upana wa atomi moja. Wanachokiona ni mabaki.

Naamini umeshapita barabara ya Morogoro ukakuta foleni ya malori kwenye mizani ya Vigwaza. Sasa chukulia umekaa pale na daftari, unaandika uzito wa kila lori kwa miezi mitatu. Ukichora hesabu yako kwenye karatasi utapata mteremko: malori ya wastani mengi, na kadiri uzito unavyopanda yanapungua, taratibu, bila kurukaruka. Halafu unagundua kwamba kwenye tani 31 pana kijilima. Malori ya tani 31 yamejazana kuliko ya 30 na kuliko ya 32. Hujafunua turubai hata moja, lakini tayari unajua jambo: kuna mahali fulani, pengine kiwanda kimoja, wanapakia mzigo uleule kwa kipimo kilekile kila siku.

Tofauti ya Geneva ni kwamba lori linapasuka kabla ya kufika mizani. Kinachofika ni magunia yaliyotawanyika. Wao wanapima kila gunia limeruka upande gani na kwa nguvu kiasi gani, kisha wanapiga hesabu kurudi nyuma hadi kupata uzito wa lori lenyewe. Njia mojawapo iliyomnasa Higgs ilikuwa kuhesabu jozi za fotoni, yaani vipande viwili vya mwanga vinavyotoka kwa pamoja. Kijilima kikatokea kwenye 125 kwa kipimo chao cha gigaelektronivolti. Kwa kipimo hicho protoni moja haifiki 1, kwa hiyo Higgs ana uzito wa protoni 133 hivi.

Mashine yenyewe, LHC, ni bomba la mviringo wa kilomita 27, mita 100 hivi chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Sumaku zake zinapozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Marundo ya protoni yanakutana na kugongana ndani yake mara milioni 40 kwa sekunde. Hakuna kompyuta ya kuhifadhi yote hayo, hivyo mitambo inachagua papo hapo, inabakiza matukio elfu chache kwa sekunde na mengine yote inayatupa. Hapo ndipo mimi huwa na wasiwasi. Mtu anayechagua haraka huchagua anachokijua. Kama chembe mpya ina tabia za ajabu, kwa mfano haifi palepale bali inasafiri kwanza mita kadhaa ndiyo ipasuke, inaweza kuwa imeshatupwa mara nyingi. Wenyewe wanalijua hilo. Ndiyo maana kuna kitambuzi kidogo kiitwacho FASER, kimewekwa mita 480 kutoka pale chembe zinapogongana, kinavizia zile zinazoponyoka.

Na kwa kuwa wewe ni fundi, pokea hili la ziada. Mwaka 1996, ndani ya handaki hilohilo, mashine iliyotangulia, LEP, iligoma kuzungusha chembe zake. Wakatafuta, wakatafuta. Walipofungua bomba wakakuta chupa mbili za bia. Na Aprili 2016, LHC nzima ilizimika kwa sababu ya mnyama mdogo wa jamii ya kicheche aliyegusa transfoma ya kilovolti 66. Ukiletewa simu iliyokufa unaanza na chaji na waya kabla ya kulaumu bodi, sivyo? Kumbuka hilo ukisoma jibu linalofuata.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha sita, PCM. Tulifundishwa kuwa Higgs alipatikana mwaka 2012. Kaka yangu anasomea uhasibu, ananicheka kwamba tangu hapo hawajapata hata chembe moja na bado wanaomba mashine kubwa zaidi. Nimjibu nini? – Binti wa PCM, Iringa

Marahaba, binti yangu. Kaka yako amekushika pabaya, ila hajakushika pote.

Tuanze na daftari la mahudhurio. Nadharia inayoitwa Modeli Sanifu ni kama daftari la darasa lenye majina 17: kwaki sita, yaani jamii ya vipande vinavyojenga protoni, elektroni na jamaa zake, jumla sita, chembe nne za kubeba nguvu, yaani fotoni, gluoni, W na Z, na Higgs peke yake mwishoni. Higgs aliitwa tangu 1964. Akaitika 2012, tarehe 4 Julai, na mwaka uliofuata Peter Higgs na François Englert wakapewa Nobel. Darasa likatimia.

Tangu hapo, LHC imepata chembe mpya zaidi ya 70. Mwambie kaka yako hivyo, kisha kabla hajashangaa mwambie pia ukweli wote: karibu zote hizo ni kwaki walewale waliohama madawati. Mwaka 2015, kwa mfano, walikutwa kwaki watano kwenye dawati moja, jambo lililosubiriwa miaka mingi. Lakini mwanafunzi mgeni, ambaye jina lake halimo daftarini, hajaingia mlangoni. Hapo kaka yako yuko sahihi.

Sasa kwa nini wanaendelea kuchungulia dirishani? Kwa sababu kuna viti vinasogea na hakuna aliyevikalia. Katika miaka ya 1970 Vera Rubin na wenzake walipima nyota za pembeni mwa galaksi wakakuta zinakwenda mbio mno. Kwa uzito wa vitu vinavyoonekana, nyota zile zingepaswa kuchomoka. Kuna kitu kinazishika, na kwa hesabu za leo kitu hicho ni mara tano hivi ya maada yote tunayoijua. Tumekiita maada ya giza, jina la kuficha aibu. Halafu nyutrino: daftari liliwaandika kuwa hawana uzito kabisa, lakini mwaka 1998 kitambuzi cha Super-Kamiokande kule Japani, tangi la tani 50,000 za maji ndani ya mlima, kilionyesha kwamba wanao. Mdogo mno, lakini upo. Na kuna swali la kwa nini ulimwengu una maada na si mwanga mtupu. Daftari halijibu hata moja kati ya hayo.

Sasa nikusimulie aibu yangu mwenyewe. Tarehe 15 Desemba 2015, vitambuzi viwili vikubwa vya LHC, ATLAS na CMS, vilitangaza siku moja kwamba vimeona kijilima kwenye jozi za fotoni, kwenye uzito wa 750. Mara sita ya Higgs! Na vyote viwili, kila kimoja na watu wake, kila kimoja na hesabu zake. Ndani ya miezi michache wananadharia waliandika makala zaidi ya 500 kueleza chembe hiyo ni nini. Mimi nami sikukaa nyuma. Januari ile nilisimama mbele ya kidato cha sita nikawaambia, “Andikeni tarehe. Mtawasimulia wajukuu.” Kijana mmoja aliandika kweli, kwa wino mwekundu.

Agosti 2016, kwenye mkutano wa Chicago, ATLAS na CMS walileta data nyingi zaidi. Kijilima hakikuwapo. Hakikupungua wala kuhama, kilikuwa kimesawazishwa kabisa, kama njia ya panya baada ya mvua. Sikusahihisha darasani kwa wiki mbili nzima, nikisingizia mitihani ya majaribio.

Kiliibukaje? Chukua darasa la wanafunzi 40, kila mmoja arushe sarafu mara tano. Uwezekano wa mmoja kupata kichwa mara zote tano ni mdogo, 1 kwa 32. Lakini wapo 40. Ukirudia zoezi hilo mara kumi, mara saba hivi utakuta angalau mtu mmoja amepata vichwa vitupu, na atajiona ana mkono wa bahati. LHC inachungulia maelfu ya sehemu, kwa hiyo lazima mahali fulani patokee mwenye mkono wa bahati. Ndiyo sababu wamejiwekea sharti wanaloliita sigma tano: uwezekano wa bahati tupu usizidi 1 kwa milioni tatu na nusu. Ni kama kurusha sarafu upate kichwa karibu mara 22 mfululizo. Higgs alitimiza sharti hilo. Kijilima cha Desemba hakikufika.

Lakini bahati ni adui mwepesi, binti yangu. Ukiongeza data anakimbia. Adui mzito ni yule ambaye ukiongeza data anazidi kunenepa, na huyo nilikutana naye mwaka 1994, nikiwa mwalimu kijana kwenye shule moja ya bweni.

Tulikuwa tunapima mvutano wa dunia kwa pendulamu: uzi, nati ya lori ya kuning'iniza, saa ya kuhesabu sekunde. Makundi sita, rula ya mita moja ya mbao ikizunguka kutoka meza hadi meza. Jibu linatakiwa kuwa 9.8 hivi. Kundi la kwanza, uzi mfupi, 10.5. La pili, 10.4. Nikawakaripia kwamba wanabonyeza saa kama wanaua kunguni. Wakarudia mara ishirini, 10.5. Wakarudia mara hamsini, 10.5 tena, sasa kwa uhakika zaidi! Kundi lenye uzi mrefu wakapata 10.0, nikawasifu kwamba hao ndio makini. Fikiria ujinga huo. Mvutano wa dunia unajuaje urefu wa uzi wako?

Mvulana mmoja mkimya wa nyuma hakugawanya namba mojamoja kama wenzake. Alichora grafu, urefu huku, muda kipeo cha pili kule. Mstari ulinyooka vizuri na mwinuko wake ukatoa 9.8. Ila haukupita kwenye sifuri, ulikata mhimili wa urefu kwenye sentimeta mbili. Aliutazama muda mrefu. Kisha akaenda kuichukua rula, akaipeleka dirishani, akaigeuza. Sentimeta mbili za mwanzo hazikuwapo. Mtu, mwaka fulani, alikuwa amekata kipande kwa msumeno, vizuri kabisa, nadhani cha kuwekea kabari kwenye dirisha, na rangi ya namba za mwanzo ilishafutwa na mikono ya vizazi vya wanafunzi. Kila urefu tuliousoma ulikuwa umezidi sentimeta mbili. Kwenye uzi wa sentimeta 30 hilo ni kosa kubwa. Kwenye uzi wa 80 halionekani sana.

Ndiyo maana Septemba 2011, iliposomwa habari kwamba nyutrino kutoka Geneva zimefika maabara iliyo chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, kilomita 730, zikiutangulia mwanga kwa nanosekunde 60, nilicheka kabla sijaamini. Jaribio hilo, OPERA, lilikuwa na maelfu ya nyutrino. Bahati haikuwa tatizo. Miezi michache baadaye kosa likaonekana: kebo ya nyuzi za kioo haikuwa imekazwa vizuri kwenye kiunganishi chake, na saa ikawa inadanganya. Fundi wa Kariakoo angeanzia hapo.

Ziko nyingine. Mwaka 2021 kitambuzi cha LHCb kilionyesha kwamba chembe fulani zinapopasuka zinatoa elektroni na myuoni, jamaa mmojawapo wa elektroni, kwa idadi zisizolingana, jambo ambalo Modeli Sanifu hailiruhusu. Magazeti yakapiga ngoma. Desemba 2022 wenyewe wakatangaza kwamba baadhi ya chembe zilizohesabiwa kama elektroni hazikuwa elektroni, na tofauti ikayeyuka. Hawakukamatwa na mtu wa nje. Walijikamata wenyewe, na mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko wangepata chembe.

Ila kisa ninachokipenda zaidi ni cha myuoni, kwa sababu kilikwenda kinyume. Myuoni ni kaka mnene wa elektroni, mzito mara 207. Ni sumaku ndogo, na ukiizungusha ndani ya sumaku kubwa inayumba kama pia. Kasi ya kuyumba inaguswa na kila chembe iliyopo ulimwenguni, hata zile tusizozijua, kwa hiyo ukipima kwa makini na ukakuta tofauti na hesabu, umenusa mgeni. Maabara ya Brookhaven, karibu na New York, walinusa tofauti hiyo zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Ili wapime upya, mwaka 2013 sumaku yenyewe, duara la upana wa mita 15 lisiloweza kukunjwa wala kufunguliwa, ilisafirishwa hadi Fermilab karibu na Chicago: kwenye tishari kuzunguka Florida, ikapanda mto Mississippi, ikamalizia kwa lori usiku barabara zikiwa zimefungwa. Kilomita 5,000 hivi. Aprili 2021 wakatangaza: tofauti bado ipo, sigma 4.2.

Matokeo ya mwisho yametoka Juni 2025. Kipimo kimezidi kuwa makini, na kiko palepale. Hakikusogea. Kilichosogea ni hesabu! Wananadharia walipiga upya kwa kompyuta kubwa ile sehemu ngumu inayohusu kwaki, na jibu lao likahamia karibu na kipimo. Umewahi kukesha na swali, unapata jibu lilelile kila mara, na nyuma ya kitabu wameandika jingine, halafu toleo jipya la kitabu linatoka na jibu lako? Basi.

Sasa kaka yako mhasibu. Muulize hivi: mkaguzi wa hesabu akikaa ofisini miezi mitatu, akapekua kila hati, akaondoka bila kukuta wizi, alipwe au asilipwe? Atakujibu alipwe, na zaidi, atakwambia ripoti ya “hakuna kilichokutwa” ina thamani kama tu mkaguzi ameeleza alipekua wapi na kwa undani gani. Hivyo ndivyo LHC inavyoandika. Kulikuwa na nadharia iliyopendwa sana ya kwamba kila chembe ina mwenzake mzito. Mwenzake wa gluoni, aitwaye gluino, ameshatafutwa hadi uzito wa zaidi ya protoni 2,000, kwa kukisia njia za kawaida za kupasuka kwake, na hayupo. Nilipokuwa chuoni wahadhiri wetu walimzungumzia kana kwamba ameshakata tiketi.

Kuhusu mashine kubwa zaidi, hapo simpingi kaka yako. Pendekezo ni mviringo wa kilomita 91, na makadirio ya ujenzi ni faranga za Uswisi bilioni 15 hivi. Enzi za Higgs walikuwa na hoja iliyofunga: ama yupo, ama daftari zima ni bovu, na mashine ile ingeonyesha mojawapo. Safari hii hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Wanasema watampima Higgs mwenyewe kwa umakini mkubwa, waone kama mstari wake unapita kwenye sifuri. Mimi ningeanza na vitambuzi vidogo vidogo vya bei nafuu vinavyochungulia pasipochunguliwa. Lakini mimi ni mstaafu wa Tanga, na hakuna aliyeniuliza.

Mwalimu, mwanangu alinisomea safu yako ya mwezi uliopita. Nina mimba ya miezi sita. Hivyo vichembe vinavyopita mwilini vina madhara? Na ni kweli ile mashine inaweza kuchimba shimo jeusi likatumeza? – Mama, Mbagala

Mama, nyoosha kiganja. Kila sekunde, myuoni mmoja hivi anapita katikati yake akitokea juu angani, ambako miale kutoka anga za mbali inagonga hewa. Alipita kwenye kiganja cha bibi yako na cha bibi yake. Ni sehemu ya mazingira tuliyozaliwa ndani yake. Nyutrino ndio kabisa, wanapita mwilini na ndani ya dunia nzima, karibu wote bila kugusa kitu. Nenda kliniki kwa tarehe zako, hilo ndilo la maana.

Na miale hiyo ya angani, baadhi yake ina nguvu kubwa kupita mgongano wowote wa LHC. Imekuwa ikiipiga dunia na mwezi kwa mabilioni ya miaka. Mwezi si tunauona?

Kwa nini Higgs anaitwa chembe ya Mungu? Mapadre hawakulalamika? – Katekista, Songea

Jina lilitoka kwenye jalada la kitabu cha mwaka 1993, na lilisaidia kitabu kuuzika. Wanafizikia wengi hawalipendi, na Peter Higgs mwenyewe hakulipenda. Halina teolojia yoyote ndani yake.

Mwalimu, nafanya kazi mgodini. Nimesikia watu wa nyota na maada ya giza wanakwenda kutafuta chini ya ardhi. Mbona kinyume? Nyota ziko juu. – Mchimbaji, Geita

Ndugu yangu, huwezi kumsikia mbu ndani ya mashine ya kusaga. Wale myuoni niliomwambia mama wa Mbagala ndio kelele. Mwamba unawazuia. Kadiri unavyoshuka, wanapungua, na wewe unabaki na ukimya wa kusikiliza kitu dhaifu.

Kitambuzi kimoja kikubwa cha maada ya giza, LZ, kiko kilomita moja na nusu chini ya ardhi kwenye mji wa Lead, Dakota Kusini, Marekani, katika uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Homestake. Ndani yake kuna tani 10 za gesi ya zenoni iliyopozwa ikawa majimaji. Chembe ya maada ya giza ikipita, na ikitokea ikagonga kiini cha zenoni, kinatoa mmweko hafifu wa mwanga, na macho ya umeme juu na chini yanauona. Hadi sasa mimweko yote waliyoiona ina maelezo mengine. Italia wana kitambuzi cha namna hiyohiyo chini ya Gran Sasso. Kilichotangulia hapo, mwaka 2020, kilionyesha matukio ya ziada yasiyoelezeka. Kilichofuata, chenye usafi zaidi, mwaka 2022 hakikuyaona.

Na usidhani wachimbaji wa dhahabu Afrika wako mbali na habari hizi. Nyutrino wa kwanza wa asili, yaani asiyetengenezwa na mtambo wa binadamu, alinaswa Februari 1965 katika mgodi wa dhahabu wa East Rand, karibu na Johannesburg, zaidi ya kilomita tatu chini. Timu iliongozwa na Frederick Reines wa Marekani na Friedel Sellschop wa Afrika Kusini. Kule chini unakujua wewe: joto la mwamba, jasho, kizimba kinachoshuka gizani. Sasa ongeza tani za mafuta ya kitambuzi na masanduku yake, yashushwe humohumo bila kupasuka.

Mwalimu, namaliza shahada ya fizikia Dodoma. Kuna njia ya mtu kama mimi kuingia kwenye utafutaji huu, au ni wa wazungu? – Mhitimu mtarajiwa

Si wa wazungu. Moroko na Afrika Kusini wamo ndani ya ATLAS miaka mingi. Kwa upande wetu, anzia Kigali: kuna taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa fizikia ya misingi, EAIFR, iliyoko Chuo Kikuu cha Rwanda, inapokea wanafunzi wa uzamili kutoka nchi zetu. Pili, Shule ya Fizikia ya Afrika, ASP, ilianza 2010 na huhama nchi hadi nchi. Mwaka 2016 ilikuwa hapohapo Kigali. Tatu, CERN, kituo chenyewe cha Geneva chenye LHC, ina programu ya wanafunzi wakati wa kiangazi chao, na hata wa nchi zisizo wanachama wanaomba.

Lakini usisubiri barua ya kukubaliwa. Tangu 2014 CERN wanaweka sehemu ya data zao hadharani kwenye intaneti, bure, zikiwamo za mwaka aliopatikana Higgs. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, pakua, chora mteremko wako, kitafute kijilima cha 125 mwenyewe kwenye kompyuta ya hosteli. Pakua usiku, bando ni rahisi. Na somo la takwimu ulilolikwepa mwaka wa pili, lirudie.

Mwalimu, mwezi uliopita uliandika kwamba nyutrino wa Jua milioni 65 wanapita kwenye ukucha wa kidole gumba kila sekunde. Nimepiga hesabu kwa mwanga wa Jua unaotufikia, haifiki. Nadhani ni bilioni. – Msomaji, Musoma

Ni bilioni 65. Nilitaka kusema sifuri tatu zilipotea njiani, kati ya kalamu yangu na meza ya mhariri. Kwa bahati mbaya mhariri anatunza karatasi zangu, na nimekwenda kuitazama. Zilipotea kwenye kalamu.